Menta wameandikwa kwenye fomu, lakini nani anawalea watumishi vijana?

Siku hizi ukikaa na watu wa kanisa hapa Arusha, iwe Kijenge, Sakina au kule Usa River, hazipiti dakika nyingi hujasikia mjadala wa hizi programu za umenta. Makanisa mengi, Walutheri, Wapentekoste, mpaka huduma ndogo ndogo za maombi, yanaanzisha utaratibu wa kumpa kila mtumishi kijana mlezi wake, kuna fomu ya kujaza, kuna ratiba ya kukutana kila mwezi, na juu yake kuna miongozo mipya ya ulinzi: msikutane kwenye chumba kilichofungwa, pesa zisipite mkononi bila kuandikwa, ukiona dalili ya hatari toa taarifa. Na watu wamegawanyika kweli kweli. Wapo wanaoshangilia kwamba hatimaye watumishi vijana watalelewa, na wapo wanaosema tumeingiza uofisi kwenye mambo ya roho, sheria za wazungu zinakuja kuua upendo. Mimi naona pande zote mbili hazijaelewa kinachoendelea. Fomu hailei mtu, hilo sina ubishi nalo, lakini malezi yalikuwa yameshakufa sehemu nyingi kabla hata hiyo fomu haijachapwa, na kile tulichokuwa tunakiita upendo mara nyingi kilikuwa ni umiliki wa mtu juu ya mtu. Mtumishi kijana anahitaji mtu anayejali maisha yake yote, tumbo lake, ndoa yake, madeni yake, usingizi wake, na huko kujaliwa kunatakiwa kufanyike mahali ambapo watu wengine wanaona. Vyote viwili kwa pamoja, ukiondoa kimoja kile kingine kinaharibika.

Kwanza tuangalie hawa vijana ni kina nani, maana mjadala wa mjini unawasahau. Chukua mwinjilisti aliyemaliza chuo cha Biblia, tuseme Mwika, ana miaka ishirini na kitu, ana mke na mtoto mchanga, anapangiwa mtaa, yaani tawi dogo la usharika, kule Longido. Anafika anakuta kanisa la mabati, washarika wametawanyika maboma kwa maboma, mtandao unapatikana ukipanda kilima, mchungaji wake anahudumia mitaa kadhaa kwa hiyo anaonana naye kwenye Meza ya Bwana na vikao basi. Posho yake inategemea sadaka, na sadaka ya huko inategemea mifugo, ikipita miaka kama ule ukame wa 2009 uliomaliza ng'ombe Longido, Monduli na Ngorongoro, hata mnada wa sadaka baada ya ibada unakuwa hauna kitu cha kunadi. Huyu kijana anafundisha kipaimara, anazika, anasuluhisha ndoa za watu waliomzidi umri mara mbili, na nyumbani kwake unga umeisha. Akikopa, anakopa kwenye hizi kausha damu, mikopo ya riba kubwa, kwa sababu ndizo zinatoa hela siku hiyo hiyo bila maswali, halafu anaanza kukimbia simu. Jumapili anapanda madhabahuni anahubiri kumtegemea Mungu. Miaka miwili baadaye tunasikia ameacha kazi, ama ameanguka, na kikao kinauliza alikosea wapi. Ni nadra sana nimesikia kikao kikiuliza nani alikuwa anajua habari zake.

Tunayo mafunzo mengi. Kaskazini hii ina historia ndefu ya kufundisha watumishi, Makumira pale imekuwa ikifundisha wachungaji tangu 1954 chuo kilipohamia kutoka Lwandai kule Lushoto, na ukiongeza vyuo vya Biblia na semina za kila mwaka huwezi kusema tatizo ni elimu. Paulo aliliona hili mapema, aliwaambia Wakorintho kwamba hata wakiwa na waalimu elfu kumi katika Kristo, hawana baba wengi. Na ukitaka kujua alimaanisha nini kwa ubaba usisome huo mstari peke yake, soma barua zake kwa Timotheo uone anavyoongea na kijana wake. Anataja tumbo la Timotheo na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Anamjua bibi yake Loisi na mama yake Eunike kwa majina. Anajua watu wanamdharau kwa sababu ya ujana wake. Na mwisho kabisa yeye mwenyewe anaomba msaada, aletewe lile joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, na Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Yaani mlezi naye anakubali kuonekana ana baridi na anahitaji nguo. Hapo ndipo naona tofauti kubwa na umenta wetu, kwetu mlezi anakuja na mada, anaongea lisaa lizima, anaomba, anaondoka, na hajui huyo kijana amekula nini, na kijana naye hajui mlezi wake anaumwa presha.

Sasa wale wanaotetea programu wana hoja nzito na nadhani wapinzani wao hawaisikilizi vizuri. Wanasema hivi: malezi yakiachwa yajiendee yenyewe kwa upendo wa asili, wanaolelewa ni wale wanaopendeka. Mtoto wa mchungaji atapata mlezi. Kijana msemaji, anayeimba vizuri, anayetoka ukoo unaojulikana, atapata watu watatu wanaotaka kumshika mkono. Yule mpole aliyetoka familia isiyo na jina, anayekaa Unga Limited kwenye chumba cha kupanga, mwenye kigugumizi kidogo, huyo atakaa miaka mitano hakuna mzee aliyewahi kumuuliza hali yake. Kwa hiyo ukipanga orodha kwamba fulani atalelewa na fulani, angalau hakuna jina linaloachwa. Hoja hii ni ya haki na sijasikia jibu lake. Upendo usio na utaratibu una upendeleo ndani yake, na kwenye kanisa upendeleo unavaa nguo ya uongozi wa Roho, inakuwa ngumu hata kuulalamikia.

Wapinzani nao wana hoja yao nzito, ingawa wengi hawaanzi na hiyo. Wanasema kujali hakupangiki tarehe 15 ya kila mwezi. Mtu anavunjika usiku wa Jumanne, siyo siku ya kikao cha menta. Na mlezi akishakuwa na fomu ya kurudisha ofisini, kijana anaanza kuongea kile kinachofaa kuandikwa, ataongelea maombi na malengo ya huduma, hatasema kwamba yeye na mke wake hawajaongea wiki ya tatu. Hili nalo ni kweli. Ukigeuza mlezi kuwa mkaguzi umempoteza mlelewa siku hiyo hiyo, hasa kama jina la huyo mlezi litakuwa kwenye kikao kitakachoamua kijana abarikiwe uchungaji au asubiri. Anayekulea na anayekupima wasiwe mtu mmoja, na nashangaa programu nyingi zinaweka mkuu wa kazi awe ndiye menta wa mtu wake, hapo tangu mwanzo mmeshawafunga wote wawili midomo.

Ila hoja inayosikika zaidi, ile ya kwenye magrupu ya WhatsApp na vibarazani baada ya ibada, ni kwamba miongozo hii ni mambo ya wazungu, wenzetu wana matatizo yao kule kwao na sasa wanatulazimisha na sisi tusiaminiane. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote na nataka nikae nayo kidogo kwa sababu inawaumiza watu. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu baada ya ripoti ya uchunguzi ya Keith Makin kuhusu mtu anaitwa John Smyth. Huyu alikuwa mwanasheria, mlei, anaheshimika sana, anaongoza kambi za Kikristo za wavulana Uingereza. Alikuwa karibu na wale vijana, anawaalika kwake, wanamwona kama baba, na kwa kisingizio cha kuwafundisha utakatifu akawa anawachapa vibaya mno kwenye kibanda cha bustanini kwake. Mwaka 1982 baadhi ya viongozi walishaandikiwa ripoti na walijua, wakanyamaza ili kazi ya Injili isichafuke. Na walipomwondoa kimya kimya alienda wapi? Alihamia Zimbabwe mwaka 1984, akaanzisha kambi nyingine kwa watoto wa huko, na mwaka 1992 mvulana mmoja alikufa kwenye kambi yake. Baadaye akahamia Afrika Kusini, na amekufa 2018 bila kuhukumiwa kwa hayo. Kwa hiyo ukisema ni tatizo la wazungu, ujue lilipanda ndege likaja kwetu, na walioumia ni watoto wa Kiafrika, kwa sababu tu kule alikotoka waliona kumlinda mtu wa Mungu ni muhimu kuliko kuuliza anafanya nini na vijana wakiwa peke yao.

Na hata hivyo wazo la kwamba malezi mazuri ni ya watu wawili chumbani halijatoka kwa wazee wetu. Waarusha na Wamaasai wana utaratibu wa olpiron ambao kila mtu wa hapa anaujua, wazee wa rika moja wanalilea rika la vijana lililo chini yao, siyo rika linalofuata moja kwa moja, wanaruka moja. Angalia ulivyo na akili huo utaratibu. Kwanza ni wazee wengi kwa vijana wengi, kwa hiyo mzee mmoja akizidisha ukali au akitaka kumfanya kijana mtumwa wake, wazee wenzake wapo. Pili wanaruka rika la katikati, kwa sababu rika linalofuata ndilo linaloshindana na hao vijana kwa nafasi na heshima. Upande wa Kilimanjaro, Wachaga walikuwa na mafundisho marefu ya jando yaliyotolewa na wazee wa ukoo, na Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa misioni ya Leipzig aliyekuja 1902 na kukaa miaka mingi Kidia, Old Moshi, mpaka 1938, aliyaandika kwa mapana, halafu akajaribu kujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, mpaka vijana wa kipaimara akawa anawaunganisha wabebane wao kwa wao. Wapo waliomwona anang'ang'ania ya kale kupita kiasi, na mimi sidhani tuyarudishe yote, lakini alichokiona ni cha kweli, kwamba huku mtu hulelewa na wengi. Anayetetea mlango uliofungwa kwa jina la utamaduni wetu sijui anatetea utamaduni wa nani.

Pale ambapo mimi mwenyewe napata ugumu na hii miongozo ni kwa watumishi wa kike. KKKT, yaani kanisa la Kilutheri la Tanzania, inabariki wanawake kuwa wachungaji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo wanawake wenye umri na uzoefu wa kulea wenzao bado ni wachache ukilinganisha na wanaume. Sasa ukiweka sheria kavu kwamba mwanaume asikutane na mwanamke kwa malezi, kwa maneno mazuri kabisa umemlinda huyo dada, lakini kwa vitendo umemkatia kila kitu, kwa sababu mambo muhimu ya huduma, nani anapangiwa wapi, kikao kinaendeshwaje, ukikorofishwa na wazee wa kanisa unafanyaje, yote yanaongelewa na wanaume kwenye chai na safarini. Dada mmoja mtheolojia pale Moshi aliniambia walezi wake wanamsalimia kwa heshima sana na hakuna hata mmoja anayemfundisha kitu. Hiyo siyo ulinzi. Jibu lake ni kuhamisha mahali pa kukutania tu, kaeni kibarazani, kaeni kantini, kaeni sebuleni mama mchungaji akiwepo anaendelea na shughuli zake, na mpe huyo dada walezi wawili, mmoja mwanaume anayezijua njia za ofisi na mmoja mama wa kanisa hata kama hana theolojia. Wamama wazee wa jumuiya wanajua mambo ya kubeba watu ambayo chuoni hayafundishwi, na kwenye hizi orodha za menta ni nadra sana kuwakuta.

Turudi kwenye umiliki, kwa sababu hapo ndipo makanisa ya kiroho ya mjini yana kidonda. Lugha ya baba wa kiroho ni nzuri na ni ya Biblia, siipingi. Shida inaanza baba anapokuwa hana mtu wa kumuuliza, na mwana hana ruhusa ya kuondoka. Kijana anaambiwa yuko chini ya mafuniko ya fulani, asioe bila ruhusa, asihubiri kwingine bila ruhusa, na kila mwezi ana sadaka ya kumheshimu baba. Akifika wakati wake wa kuanza huduma yake anaitwa ana roho ya Absalomu, yule mwana wa Daudi aliyemwasi baba yake, anatajwa madhabahuni, marafiki wote wanakata mawasiliano. Mimi nina kipimo kimoja ninachokiamini: angalia pesa inaenda upande gani. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba haiwapasi watoto kuweka akiba kwa wazazi, bali wazazi kwa watoto. Kama kwa miaka yote nauli, zawadi na bahasha zinapanda juu kwenda kwa baba, na hata siku mtoto wa kijana amelazwa hakuna kilichoshuka, huo ni ushuru. Na cha pili ni kuondoka. Yethro alipomtembelea Musa alikaa, akamtazama anavyofanya kazi kutwa nzima, akamwambia ukweli kwamba utachoka wewe na watu hawa pia, akampa ushauri wa kugawa kazi, halafu sura ile ya 18 ya Kutoka inaisha Yethro amerudi nchini kwake. Hakubaki kusimamia kama ushauri wake umefuatwa. Naye Barnaba alimchukua Marko kipindi ambacho Paulo alikuwa amekataa hata kusafiri naye, akamlea, na mwishoni tunamkuta huyo huyo Paulo anaandika aletewe Marko maana anamfaa kwa utumishi. Barnaba hajatajwa hapo, na kijana anasonga mbele.

Kuna suala la siri, nalo linaharibu watu wengi. Kijana anamweleza mlezi wake jaribu lake, Jumapili mbili baadaye anasikia hadithi yake inahubiriwa, jina halijatajwa lakini usharika wote umeshajua. Ndugu wa Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika mpaka huku kwetu, walikuwa wanaungamana waziwazi kwenye ushirika, wanaita kutembea nuruni, na ulizaa watu wanyofu sana, lakini pale mtu aliungama mwenyewe kwa mdomo wake. Mwingine kuungama kwa niaba yako bila wewe kujua ni wizi. Kwa hiyo mlezi na mlelewa waambiane siku ya kwanza kabisa kwamba hili litabaki hapa, na haya hayatabaki hapa: mtoto akiumizwa, mtu akitaka kujiua, mtu akipigwa. Na hiyo inasemwa mapema, siyo siku jambo limeshatokea.

Mtu ataniuliza kama inawezekana kweli kuwa na utaratibu na kujali kwa wakati mmoja. Inawezekana na mfano uko hapa hapa, hospitali ya KCMC Moshi, kwenye mafunzo ya uchungaji wa hospitali. Mtindo ule una asili yake Marekani, Anton Boisen aliuanza 1925 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kule Worcester, naye mwenyewe alikuwa amewahi kulazwa kwa ugonjwa huo. Mwanafunzi anakaa na mgonjwa wodini, akitoka anaandika mazungumzo yao jinsi yalivyokwenda, bila jina, halafu anayaleta kwenye kundi dogo la wenzake na msimamizi, wanamuuliza hapa kwa nini ulikimbilia kuomba mgonjwa alipoanza kulia, ulikuwa unaogopa nini. Ni utaratibu mkali, una masaa yake na maandishi yake, lakini waliopitia wengi wanatoka wakiwa na masikio, kwa sababu na wao walisikilizwa. Kinachoandikwa pale kinamrudia mwanafunzi akue, hakiendi kwenye faili la kumpandisha au kumshusha, na hapo ndipo fomu zetu zinapotofautiana na zao.

Kwa hiyo kama kamati zetu ziko serious na hili, zianze na bajeti kabla ya semina ya uzinduzi na fulana. Mlezi wa mwinjilisti wa Longido anahitaji nauli ya kwenda kulala kule siku mbili, aone nyumba, ale wanachokula, na asibebeshwe walelewa kumi, wawili au watatu wanamtosha mtu mwenye usharika wake. Anayelea asiwe anayepima. Kila kijana awe na mtu wa pili anayeweza kumpigia simu kuhusu mlezi wake bila kuogopa kuitwa muasi. Mlezi akihamishwa, na sisi tunahamishana sana, kuwe na siku ya kukabidhi kijana kwa mlezi mpya, wote watatu wakiwa wamekaa pamoja na kijana mwenyewe akichagua nini kisemwe, maana leo tunakabidhiana funguo, vitabu vya ubatizo na hesabu za benki, na huyu mtu anabaki hajakabidhiwa kwa yeyote. Na pesa zikiwa kidogo, waanze na wale wa mbali kule maporini, wa mjini wasubiri mwaka unaofuata.